Baba Namba Saba

Katika mkoa wetu kulikuwa na mstari mmoja tu wa kufutwa, na ofisi nzima ikafurahi. Mikoa mingine ilikuwa na mistari mia mbili, mingine mia tatu. Makuri, karani wa zahanati, alipita na orodha mkononi akitangaza kwamba mwaka huu Mara tumeng'ara, na kwamba mkuu wa kituo, yaani mimi, awanunulie watu soda. Nikaichukua ile karatasi ili nicheke naye. Iliandikwa: Namba 7. Nyamhanga Robhi. Mwanamume. Hajawahi kuweka mkono. Atafutwa Ijumaa saa sita kamili mchana.

Nilivuta kiti nikakaa. Siku yenyewe ilikuwa Jumatano.

Nyamhanga Robhi ni baba yangu. Hajawahi kuzaliwa. Mimi ndiye niliyemwingiza kwenye Daftari la Pumzi miaka kumi iliyopita, kwa vidole vyangu hivi, na tangu siku hiyo ameongezewa watoto hadi sasa watu elfu kumi na moja mia nne na kumi na wawili wananing'inia kwake, watoto wake pamoja na watoto wa watoto wake. Wawili kati yao ni mimi na binti yangu Nyangi.

Makuri aliniangalia usoni, akaisoma tena karatasi, na mara hii aliisoma polepole. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama huyu siye yule wa nyumba ntobhu. Nikamwambia ndiye. Habari ya soda ikaishia hapo.

Dirisha la ofisi yangu linatazama uwanja wa zahanati, na saa ile foleni ya dozi ilikuwa imefika langoni. Tangu milima yetu isagwe kutafuta madini ya betri, vumbi halijatulia hata siku moja, na mapafu ya watu yamegeuka kuwa ya kuazima. Unaweka kiganja kwenye kioo, kioo kinautafuta mstari wako kwenye Daftari, barakoa inashuka, unavuta pumzi tatu, unakwenda zako shuleni au shambani. Asiyepata dozi hafiki wiki tatu. Mtoto mdogo hafiki hata moja. Kioo hakimjui mtu kwa sura wala kwa ukoo, kinamjua kwa mstari tu, na kisipouona mstari hakigombi wala hakitukani. Kinaandika "Hakuna mtu" na kumwita anayefuata.

*

Nieleze nilivyofanya, maana sina pa kujificha.

Tulikuwa wanne tuliochora muundo wa Daftari. Tulifungiwa wiki tatu katika ukumbi wa hoteli moja Dodoma, ukuta mzima tumeubandika makaratasi ya rangi, kila karatasi ni jedwali, kila uzi uliounganisha karatasi mbili ni uhusiano. Kuchora muundo wa hifadhidata ni kazi ya kuuliza maswali ya kijinga kabla watu hawajakuja na majibu yao ya ajabu. Je, mtu aweza kuwa na majina mawili? Aweza kuzaliwa bila tarehe? Kila mnachojibu kinakuwa sheria, na sheria ya jedwali haina mahakama ya rufaa. Ukisema safu fulani ni lazima ijazwe, basi atakayekuja bila kitu cha kujaza hataandikwa, awe anapumua mbele yako.

Karatasi kubwa kuliko zote ilikuwa ya jedwali la MTU. Namba, jina, jinsi, mwaka wa kuzaliwa, mama, baba. Safu ya baba tuliipigia mstari: lazima. Nikanyoosha mkono nikauliza itakuwaje kwa asiye na baba. Wakacheka, si kwa ubaya. Mmoja akasema hata baba aliyekimbia ni baba.

Hapo ndipo ningesema. Ningewaambia kwamba kwetu, mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume aweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, azae watoto wa nyumba ile, na kwamba hiyo ndiyo nyumba ntobhu. Kwamba baba wa watoto hao ni yule mwana ambaye bibi hakumpata, anapewa jina, anatajwa kwenye sherehe, na hakuna mwenye adabu anayeuliza yuko wapi. Ningewaambia kwamba mimi mwenyewe nimelelewa katika nyumba kama hiyo, kwamba Bibi Robhi ndiye aliyemwoa mama yangu. Niliwatazama wale watu na suti zao na kalamu zao za kioo, nikaona haya. Nikakaa. Haya ile ndiyo kosa lenyewe, mengine yote ni matokeo.

Wakati wa chai nilibaki peke yangu ukumbini. Jedwali lilikuwa na mistari sita ya majaribio, watu wa kubuni wasiodaiwa mama wala baba, tuliokuja kuwaondoa baadaye. Nikaandika wa saba: Nyamhanga Robhi, jina lile lile ambalo bibi alimpa mwanawe wa kufikirika. Nikajiandika chini yake. Nilijiambia nitarudi kulitengeneza jambo hilo vizuri nikipata nafasi.

Nafasi haikupatikana. Uandikishaji ulipofika Mara, makarani walikutana na nyumba za namna ile kila kilima, na mashine inakataa kuhifadhi mtu asiye na baba. Mmoja akanipigia simu. Nikamwambia kwa sasa achague namba saba. Akamwambia mwenzake, na mwenzake akamwambia mwenzake, na hiyo "kwa sasa" yangu ikadumu miaka kumi. Makuri mwenyewe aliingiza watoto mia nne kwa mkono wake.

Kufuta kwa mnyororo pia ni kazi yangu. Siku zile kulikuwa na watu wanaobuni wanafamilia hewa ili wachukue dozi zao na kuziuza. Tukakubaliana: aliyekufa abaki kwenye jedwali akiwa na alama ya marehemu, na wanawe waendelee kama kawaida. Lakini mstari ukigundulika haukuwa mtu tangu mwanzo, ufutwe, na wote wanaoning'inia kwake wafutwe, na wanaoning'inia kwa hao nao wafutwe, hadi chini kabisa. Niliuandika msimbo huo wa kompyuta mchana mmoja. Walinipigia makofi, na nikala samaki mzima.

*

Mchana ule wa Jumatano nilimpigia Mhandisi Tungaraza, mkuu wetu wa Dodoma, mmoja wa wale wanne wa ukumbini. Nilimweleza yote, na haya yangu nikaimeza. Alisikiliza bila kunikatiza hata mara moja. Alipoanza kusema, alisema kama mtu anayepanga matofali. Kubadili muundo kunahitaji baraza, na baraza litakaa baada ya wiki tatu. Usafishaji wa Ijumaa ni wa kisheria na hana kitufe cha kuuzuia. Akitangaza kwamba baba wa watu elfu kumi na moja ni wa kubuni, sheria itawahesabu wote hewa siku hiyo hiyo, tena bila kungoja Ijumaa.

"Lakini wewe ni mmoja wa wachoraji," akasema. "Kila mchoraji ana haki ya kurekebisha mara moja bila baraza. Sisi watatu tulishazitumia. Ya kwako bado ipo, dada Ghati. Mstari mmoja, pamoja na walio chini yake. Chagua baba mwingine, hai au marehemu, nami nitatia sahihi."

Nilimuuliza kama haki hiyo ingeweza kutumika kwa namba saba mwenyewe.

"Inamhamisha mtu," akasema. "Haimuumbi."

Nilimwambia nitafikiri. Aliniambia nifikiri haraka, na kwa sauti yake nilijua kwamba na yeye atakosa usingizi usiku huo, maana si mtu mbaya. Ni mtu anayefuata michoro, na mchoro ni wangu.

Alhamisi asubuhi nilisimama na Nyangi kwenye foleni. Ana miaka minane. Alilalamika kwamba barakoa inanuka soksi, akataka nimwombee Makuri aifue. Akaweka kiganja, akavuta zake tatu, akakohoa kidogo, akaniambia jioni nisisahau kununua rula. Nilimwangalia akikimbia hadi alipopinda kona ya soko. Kisha nikaingia ofisini nikajaza fomu.

Nilimchagua marehemu Mwalimu Gesabo aliyenifundisha darasa la tatu. Hakuoa, hakuzaa, na nilijua hatanung'unika. Tungaraza alitia sahihi ndani ya dakika moja. Kwenye kioo changu yakatokea: Ghati, baba Gesabo. Chini yangu: Nyangi. Tulikuwa salama.

Nilifurahi. Nasema hivyo ili asije mtu akanifikiria mema. Nilifurahi kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, halafu nikatazama nje, na foleni ilikuwa pale pale. Pacha wa Mama Mokami walikuwa wakisukumana. Msichana mmoja alikuwa amembeba mdogo wake mgongoni. Wale bado walikuwa chini ya namba saba, elfu kumi na moja mia nne na kumi.

*

Makuri akaja tukafunga mlango, tukatafuta njia. Njia ilikuwa moja. Namba saba anafutwa kwa kuwa ametimiza miaka kumi bila kuweka mkono. Mtu aliye hai akiweka kiganja chake kwenye mstari ule, hata mara moja, Nyamhanga Robhi atakuwa ameonekana. Atakuwa mtu. Hata akifa kesho yake, ataandikwa marehemu, na walio chini yake watabaki.

Ila tulipokuwa tunachora, tulihakikisha hila kama hiyo inamgharimu mwenye kuifanya. Kiganja kimoja, mstari mmoja. Atakayekipeleka kwa namba saba, mstari wake wa zamani utahesabiwa kuwa hewa na utafutwa na mnyororo wake wote. Tena mtu anayejitokeza baada ya miaka kumi huwekwa chini ya uangalizi siku tisini bila dozi, tuone kama kweli yupo. Kwa hiyo ilihitajika mtu ambaye hana yeyote chini yake, na aliye tayari kufa.

Makuri ana watoto watano. Alinitajia kila mmoja kwa jina, kana kwamba nilikuwa nimemwomba. Nikamwambia sijamwomba.

Na mimi nina Nyangi. Kama haki yangu ya kurekebisha ningeitumia kumhamisha Nyangi peke yake, nikampa mama mwingine, mkono wangu ungekuwa huru. Makuri hakulisema hilo. Huenda hakulifikiria. Mimi nililifikiria Jumatano ile ile, kabla hata simu ya Dodoma haijakatika, nikalisukuma pembeni, na Alhamisi nilipojaza fomu nilikuwa bado nalisukuma. Sikutaka kufa. Sasa haki imetumika, na mwoga hana kisingizio kizuri kama mlango uliokwisha kufungwa.

*

Alasiri nilipanda kwa Bibi Robhi. Nilijiambia nakwenda kumwambia ukweli kabla hajausikia kwa watu.

Nilimkuta uani akipepeta wimbi, kitambaa kimefunga pua na mdomo kwa ajili ya vumbi. Ana miaka themanini na mitatu. Kila asubuhi hushuka kilima na fimbo yake kufuata dozi, na kila asubuhi hugombana na mtu kwenye foleni. Nilimwamkia, akaitika, akanisogezea kigoda, akaniambia nimekonda na kwamba kazi ya kukaa kwenye kiti haijawahi kumnenepesha mtu mwenye wasiwasi.

Nikamweleza. Nilianza na ukumbi wa Dodoma, nikaeleza haya yangu, mstari wa saba, makarani, Ijumaa. Nilidhani atanitukana. Alicheka mpaka wimbi likamwagika.

"Kwa hiyo mwanangu ana kazi ya serikali," akasema.

"Bibi, watafutwa wote."

Akaacha kucheka. Aliuliza maswali yake moja moja, kama anayenunua ng'ombe, na ndivyo alivyokuwa siku zote: haachi mguu bila kuushika. Wangapi. Saa ngapi. Mashine inataka nini.

"Inataka mkono," nikasema. "Mkono wa mtu aliye hai."

"Na mwenye mkono?"

"Anafutwa jina lake. Na wote walio chini yake. Na hapati dozi tena."

Aliweka ungo chini, akageuza kiganja chake akakitazama. "Mimi chini yangu yuko nani?"

Swali hilo nililiogopa kwa miaka kumi. Katika jedwali tulichora safu ya mama na safu ya baba. Safu ya mwanamke aliyeoa haikuwepo, kwa sababu aliyepaswa kuidai alikuwa amekaa kimya. Mama yangu alipokufa kwa vumbi, hata ule uhusiano wa mdomoni ukakosa shahidi. Robhi Magige, aliyetoa ng'ombe, aliyenibeba mgongoni, aliyenisomesha kwa wimbi na tumbaku, katika Daftari ni mwanamke asiye na mume, asiye na mtoto, asiye na ndugu.

"Hakuna, bibi."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Sikuweka safu."

Alikirudisha kiganja mapajani. Nilisikia kuku wakiparua nyuma ya ghala. Aliposema, hakuwa akinisema mimi hasa.

"Ng'ombe wangu wote wale. Mama yako, na wewe, na Nyangi. Hakuna."

Nililia mbele yake, na hakunibembeleza. Alingoja nimalize kama mtu anavyongoja mvua ipite aendelee na kazi. Kisha akasema, "Basi mkono wangu ni mwepesi. Nitashuka kesho."

"Bibi, utakufa."

"Nitakufa hata nisiposhuka. Nyangi hatakufa kwa sababu ya mwanangu. Nilimtaka mwana ili nyumba hii iendelee, sikumtaka aje kuimaliza."

Hapo nilipaswa kumwambia. Maneno yalikuwa mafupi: bibi, Nyangi yuko salama, nilimtoa asubuhi, nami nikajitoa, tumekwisha kuwa watoto wa Gesabo. Nilifungua kinywa. Nikawaona pacha wa Mama Mokami, na yule msichana na mzigo wake mgongoni, na nikajiuliza kama bibi kizee atakufa kwa ajili ya watoto wa watu asiowajua. Labda angekubali. Ni mkaidi na ana moyo mpana, labda angekubali vile vile. Lakini labda asingekubali, na haki ya kukataa ilikuwa yake.

Nikafunga kinywa. Nilimsaidia kuokota wimbi, punje kwa punje, na hakuna siku nimejichukia kama ile.

*

Ijumaa alishuka akiwa ameoga na kujipaka mafuta, amevaa kitenge chake cha sherehe. Hakutaka nimshike mkono. Makuri alikuwa amewaondoa watu chumba cha nyuma kwa kisingizio kwamba kioo kimeharibika, na alipomwona bibi alisimama wima kama mwanafunzi. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini.

Makuri alifungua mstari wa saba, akabonyeza "weka mkono." Bibi akaweka. Kioo kikaandika kwamba hakisomi. Akaweka tena, hakisomi. Miaka sabini ya jembe ilikuwa imevisugua viganja vyake hadi mistari ikapotea. Hata kwa dozi yake ya kila siku, kioo humsoma mara ya nne au ya tano, na hapo ndipo ugomvi wake na foleni huanzia. Makuri akaleta mafuta ya mgando. Akampaka kidole kwa kidole, na dakika zikaenda. Saa tano na dakika hamsini na moja. Hakisomi.

Bibi aligeuka akanitazama. "Nyangi amepata dozi leo?"

"Amepata, bibi."

"Na kesho?"

"Atapata."

Yote mawili yalikuwa kweli. Angeuliza la tatu ningemwambia, naapa ningemwambia, lakini hakuuliza. Aliufuta mkono kwenye kitenge, akaupumulia kiganjani kama watoto wanavyopumulia dirisha, akaubandika kwenye kioo kwa uzito wake wote.

Taa ikageuka kijani. "Karibu, Nyamhanga Robhi. Upo chini ya uangalizi kwa siku tisini."

"Nipo," akakiambia kioo.

Saa sita ilipogonga, orodha ya kufutwa ya mkoa wetu ilikuwa tupu, na Dodoma walitutumia pongezi. Nje foleni ya mchana ilianza kusogea. Barakoa ilikuwa ikishuka na kupanda, ikishuka na kupanda, na hakuna aliyejua kilichopita. Nilikaa kwenye kompyuta nikaandika Robhi Magige kwenye kisanduku cha kutafuta. Nilijua jibu. Mimi ndiye niliyeyaandika maneno ya jibu lile, miaka kumi nyuma, nikachagua hata ukubwa wa herufi.

Hakuna mtu.

*

Leo ni siku ya kumi na mbili. Baraza litakaa Jumanne ijayo, na Tungaraza ameahidi kunipa nafasi ya kusema. Nimeshachora. Jedwali jipya linaitwa NYUMBA, na ndani yake kuna safu ya mwenye nyumba, awe mwanamke au mwanamume, na hakuna safu hata moja niliyoipigia mstari wa lazima bila kwanza kumuuliza mtu wa nje ya ukumbi. Ni muundo mzuri, mzuri kuliko vyote nilivyowahi kuchora. Nilijaribu kumwingiza bibi kama mwenye nyumba wa kwanza, na mashine ikaomba kiganja, na kiganja ni cha Nyamhanga.

Tumemlaza mlangoni apate mwanga. Pumzi yake inafika shingoni na kurudi. Hataki uji, hataki kubembelezwa, na Nyangi akikohoa hata kidogo anauliza kama dozi ya leo ilikuwa kamili. Juzi alitaka jambo moja tu. Alitaka nimsomee majina ya wote walio chini ya mwanawe.

Nikaileta orodha. Ilipangwa kwa kufuata siku ya kuandikwa, na kwa mpango huo jina la kwanza lingepaswa kuwa langu, ambalo halimo tena. Niliipanga upya usiku huo huo. Niliipanga kwa kata, nikaanza na kata za mbali kabisa, za mpakani, na kata yetu nikaiweka mwisho.

Nimesoma siku mbili. Anasikiliza macho yamefumba, na mara kwa mara anainua kidole nisimame: huyo ni wa wale wenye kinu, huyo bibi yake aliniuzia mtamba mwenye kilema, huyo jina zuri, lirudie. Hachoki kwa majina. Anachoka kwa pumzi, na akichoka nangoja, kisha kidole kinaniruhusu niendelee. Leo asubuhi tulivuka elfu tatu.

Mchana huu, katikati ya kata ya nane, alifumbua macho.

"Lako sijalisikia," akasema.

"Liko mbele, bibi. Kata yetu ni ya mwisho."

"Na la Nyangi?"

"Liko chini ya langu."

Alinitazama kwa muda mrefu, macho yale yale yaliyokuwa yakimkagua ng'ombe kwato hadi pembe, na sikuweza kujua alichokiona. Kisha akayafumba tena, akaweka mikono yake juu ya tumbo.

"Basi nitasubiri," akasema.

Nikasoma jina lililofuata.